Saa Chini ya Kipanya

Bosi wetu tulimwita Mwenye Nyumba, kwa sababu kazi yake kubwa ilikuwa kukagua taa, kama mwenye nyumba anayechunga umeme wake. Simaanishi taa za dari. Kwenye ukuta wa ofisi yake kulikuwa na skrini pana yenye majina ya watu wote wa chumba chetu, na kando ya kila jina kitaa kidogo. Ukigusa kompyuta yako, kitaa chako kinakuwa cha kijani. Ukiiacha kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai, kinageuka kijivu. Mwisho wa mwezi kompyuta ilijumlisha kijani cha kila mtu, na Mwenye Nyumba akajua, au akadhani anajua, nani amefanya kazi na nani amekula mshahara wa bure.

Niseme wazi kwamba jambo hili lilinikera tangu siku ya kwanza. Sisi ni waandika programu. Tunaandika programu ambazo maduka ya dawa huzitumia kujua dawa gani ipo, ipi imekwisha, ipi imepitwa na muda. Kazi hii haifanywi kwa vidole peke yake. Nusu yake ni kukodolea ukuta macho mpaka jambo likae sawa kichwani, ndipo uandike mistari mitano. Kwa Mwenye Nyumba, anayekodolea ukuta macho ni mvivu, na anayegonga vitufe ovyo ni mchapakazi. Ofisini kwetu debe tupu lililipwa kwa kuvuma.

Tena kulikuwa na suala la kuondoka. Mkataba ulisema saa kumi. Mazoea yalisema mtu haondoki kabla ya koti la Mwenye Nyumba kuondoka kwenye mgongo wa kiti chake, na koti lile halikuondoka kabla ya saa moja, giza limeshaingia. Hakuna aliyetuamuru. Ila mtu akiwahi kuondoka siku mbili tatu, aliulizwa kwa sauti tamu kama nyumbani kwake kuna mgonjwa.

Kwangu mgonjwa alikuwepo. Baba yangu alikuwa fundi saa maisha yake yote, na sasa akili yake ilikuwa inamtoka kidogo kidogo. Aliishi kwa kaka yangu, na wifi yangu ndiye aliyeshinda naye. Mchana baba alikuwa baba: anasoma gazeti, anabishana na redio, anamwambia wifi chumvi imezidi. Jua likianza kushuka, anachoka, na akichoka hamjui mtu. Daktari alitueleza kwamba wagonjwa wa namna yake wengi wako hivyo, na kwamba hakuna wa kulaumiwa. Wifi alikuwa na namna yake ya kulisema. Nikifika na mkoba wangu begani, hunipokea mlangoni na kuniambia, "Pole, wifi. Mwenyewe ameshaondoka."

Na baba yuko palepale kitini, miguu ndani ya blanketi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu, mteja. Saa imekufa, au inachelewa?"

Mwanzoni nilijaribu kumsahihisha. Baadaye nikawa navua saa yangu ya mkononi na kumpa. Aliisogeza karibu na jicho, akaitikisa sikioni, akanirudishia kwa adabu aliyokuwa nayo kwa wateja wote. "Kazi ndogo namna hii haifanywi kwa taa," alisema. "Jicho likichoka, mkono unaharibu. Rudi kesho mchana."

Kila siku aliniambia nirudi kesho mchana. Na kila kesho mchana nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta nikilisubiri koti la mtu. Nilikuwa na baba ambaye bado ananijua, na sikuwa na saa hata moja ya kujuliwa naye isipokuwa mwisho wa juma, na huko nako Mwenye Nyumba alikuwa ameanza kunyoosha mkono. Nilikuwa na hasira. Nilikuwa pia na woga, maana nilijua mchana wa baba hautadumu.

Laiti jioni zile zingekuwa na faida, ningejikaza kisabuni. Hazikuwa nayo. Mtu aliyefikiri tangu asubuhi, ikifika saa kumi na moja kichwa chake kimejaa pamba. Anaandika, ndiyo. Tena anaandika mengi kuliko asubuhi, kwa kuwa hana nguvu ya kujiuliza kama yanafaa. Kesho yake anafungua alichokiandika, anashika kichwa, anafuta. Tulifanya hivyo wote, kila siku, mpaka kazi hiyo ya mwanzo wa siku tukaipa jina: kufumua. Ukimuuliza mtu asubuhi yuko wapi, anakujibu, "Bado nafumua." Jioni tunashona, asubuhi tunafumua, na vitaa vyetu ni vya kijani pande zote mbili.

Jioni moja niliandika kitu ambacho kingefanya dawa zilizopitwa na muda zionekane bado zina mwaka mzima. Sikukiona. Nilikisoma tena na tena nikakiona kizuri. Asubuhi jirani yangu wa meza, tuliyemwita Kobe, alikisoma akiwa bado amesimama na mkoba wake mgongoni. Akasema, "Dada, unataka kuua watu?" Tukafumua pamoja kabla hakijatoka kwenda madukani.

Kobe alipewa jina hilo kwa sababu hakuwa na haraka na chochote, si kula, si kujibu, si kuandika. Alichokiandika kilikuwa hakirudi kurekebishwa. Na kwa sababu alifikiri muda mrefu kuliko wote, kitaa chake kilikuwa cha kijivu kuliko vyote, na kila mwezi jina lake lilisomwa la mwisho. Ndiye aliyegundua dawa ya vitaa hivyo. Siku moja alivua saa yake ya mkononi, akailaza mezani chali, kioo juu, akaweka kipanya cha kompyuta juu ya kioo chake. Kipanya kina kijitaa tumboni kinachotazama chini. Mshale wa sekunde ulipopita, kipanya kilidhani kimesogezwa. Alama kwenye skrini ikaruka kidogo. Kitaa kikabaki kijani.

"Sasa naweza kufikiri," Kobe alisema, akageukia ukuta.

Wiki haikuisha, kila mtu alitaka saa ya mishale. Siku hizi watu wanaangalia muda kwenye simu, saa za mishale zimeadimika, lakini mimi ni mtoto wa fundi saa. Baba alikuwa na kopo la saa za betri ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, zote zimetengenezwa, zote zinatembea. Nilimwomba siku ya mapumziko, mchana, akiwa yupo.

"Za nini?" akauliza.

"Zitufanyie kazi ofisini, baba."

"Basi uchukue zenye afya," akasema, akachagua mwenyewe, akizisikiliza moja moja.

Hata Kobe alichukua moja, yake akairudisha mkononi. Kuanzia hapo chumba chetu kikawa cha ajabu. Watu waliegemea viti, wakafikiri, wakachora kwenye karatasi, wakasimama dirishani. Na mimi, siku mbili, nilithubutu. Saa kumi ilipogonga niliacha saa ya baba chini ya kipanya changu, nikapita mlango wa ngazi za nyuma na mkoba nimeuficha ndani ya mfuko wa sokoni.

Siku ya kwanza nilimkuta barazani. Alinitazama kuanzia viatu.

"Mama!" aliniita, kama alivyoniita tangu nizaliwe. "Wamekufukuza kazi?"

Nilicheka mpaka wifi akatoka jikoni kuona kuna nini. Tukakaa, tukanywa chai, akaniuliza habari za zile saa, akaniuliza kama nakula vizuri maana nimekonda. Jua lilipoanza kushuka nikaona macho yake yanahangaika. Nikaaga kabla hajaniita mteja. Njiani nililia, lakini si kwa uchungu mtupu.

Za mwizi arobaini, na zetu hazikufika hata huko. Kobe aliugua. Homa ilimkamata ghafla baada ya chakula cha mchana, akaondoka akijishika ukuta, na katika vurugu ya kumtafutia gari hakuna aliyekumbuka saa chini ya kipanya chake. Karani wetu wa kupokea simu aliarifiwa kwamba Kobe ni mgonjwa. Mwenye Nyumba hakuarifiwa na mtu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuuliza watu. Alikuwa na skrini. Siku zile zote kompyuta ya Kobe ilishinda na kukesha peke yake, na saa ya baba yangu haikusimama.

Kikao cha mwisho wa mwezi kilifanyika chumbani kwetu. Kobe alikuwa amerudi, mashavu yamemwingia ndani. Mwenye Nyumba alisimama mbele, ana furaha ya kweli, akasema kwamba leo amejifunza kutomdharau mtu. Yule tuliyezoea kumsoma wa mwisho ndiye wa kwanza. Kitaa chake hakikuzima mchana wala usiku. Mtu huyu, akasema, ameipenda kampuni kuliko usingizi wake. Akaanza kupiga makofi. Sisi tulipiga mawili matatu, mikono ikafa ganzi.

Kobe hajui kusema uongo, maana uongo unahitaji haraka. Alisimama taratibu. "Bosi, siku hizo nilikuwa kitandani. Kwangu."

"Kompyuta yako ilikuwa inafanya kazi."

"Ilikuwa saa, bosi." Akainua kipanya chake, akamwonyesha.

Mwenye Nyumba aliisogelea meza. Akatazama ile saa, kisha akapita meza kwa meza akiinua vipanya, na chini ya kila kimoja kulikuwa na saa ndogo inatembea. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Nani kazileta?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini wangemsukumia Kobe, na Kobe asingejitetea mpaka kesho kutwa. Nikapiga moyo konde. "Mimi. Ni za baba yangu."

"Mmekuwa mnaniibia."

"Bosi," nikasema, na sauti ilitoka kali kuliko nilivyokusudia, "kesho asubuhi njoo ukae na mimi. Usitazame skrini yako, tazama yangu. Ukiona bado tumekuibia, nitaondoka mwenyewe, huna haja ya kunifukuza."

Usiku ule sikwenda kumwona baba. Nilikaa nyumbani nikijitukana. Kazi ndiyo iliyolipa dawa zake, na mimi nilikuwa nimeiweka mezani kwa mdomo wangu mwenyewe.

Asubuhi Mwenye Nyumba alikuja na kiti chake mwenyewe, akakaa kando yangu bila koti. Nikafungua kazi. Nikaanza.

"Unafanya nini?"

"Nafuta."

"Unafuta nini?"

"Jana jioni."

Nikaendelea. Nilifuta ukurasa, nikafuta mwingine, na kila mahali nilimwonyesha kwa kidole kilichokuwa kimeharibika na kwa nini. Sikumficha kitu, hata yale ya aibu.

"Yote?" akauliza.

"Hii mistari ya juu inabaki. Niliiandika kabla ya saa kumi."

Akainuka, akakibeba kiti chake mpaka kwa jirani wa mbele. Yule naye alikuwa anafuta. Akaenda kwa wa pembeni. Anafuta. Alizunguka chumba kizima na kiti chake mkononi. Alipofika kwa Kobe akamkuta haandiki wala hafuti, anakodolea ukuta macho. Safari hii hakumuuliza kitu. Alikaa naye muda mrefu, wote wawili wakikodoa, mpaka Kobe akainama, akaandika mistari michache, akasema, "Imekwisha."

Mwenye Nyumba akanirudia. "Kwa nini hamkuniambia?"

"Tungekuambia saa ngapi, bosi? Tulikuwa tunasubiri koti lako."

"Koti langu?"

"Huwa hatuondoki kabla yako."

Nadhani sitausahau uso wake. "Mimi," akasema, "nilikuwa nawasubiri ninyi. Ningewezaje kuondoka nikawaacha watu wangu bado wamo kazini? Mke wangu ameshaacha kuniwekea chakula." Kobe ndiye aliyeanza kucheka, polepole, na cheko la Kobe likianza halisimami. Mwishowe hata Mwenye Nyumba mwenyewe alikuwa anafuta machozi.

Skrini ikazimwa. Saa kumi ikawa saa kumi. Sitasema miujiza ilitokea. Wawili miongoni mwetu waligundulika kuwa wavivu kwelikweli, kwa taa na bila taa. Lakini kufumua kulipungua mpaka vijana wapya hawakujua neno hilo lina maana gani, na simu za malalamiko kutoka maduka ya dawa zikawa chache hata karani akaanza kulalamika kwamba hana kazi. Na mimi kila siku nilimkuta baba barazani.

Zilikuwa siku nzuri. Nizitaje hivyo tu, siku nzuri. Aliniuliza kila siku kama wamenifukuza kazi, na kila siku nilimjibu kwamba bado wanatafuta sababu. Alinisimulia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia, jinsi alivyomposa mama kwa kumtengenezea saa ambayo haikuwa mbovu. Alisingizia kwamba ni mbovu ili mama arudi tena. "Uongo mdogo," alisema. "Umekuleta wewe."

Kisha siku moja nikafika na wifi akanipokea mlangoni. "Pole, wifi."

"Saa hizi? Jua hilo hapo!"

"Ameshaondoka. Tangu saa tisa."

Kesho yake nikamkuta. Keshokutwa yake sikumkuta. Ndani ya miezi michache ule mchana wake ukawa unakatwa kutoka mwishoni kama kitambaa kilichoingia kwa fundi asiye na huruma: saa tisa, saa nane, halafu baada tu ya chakula. Daktari akasema ndivyo inavyokwenda. Kilichobaki kwa baba ni asubuhi. Kuanzia anapoamka mpaka jua linapopanda, alikuwa mzima, ana akili kali, anabishana na redio. Na asubuhi ndizo saa zangu. Ndizo saa ambazo kichwa changu kina thamani yoyote, ndizo nilizopigania Mwenye Nyumba azitambue. Baba na kazi walikuwa wanaitaka saa ileile.

Nilizunguka na jambo hilo wiki nzima. Kisha nikagonga mlango wa Mwenye Nyumba. Skrini ilikuwa bado ukutani, nyeusi, na vumbi limeikalia.

"Bosi, naomba niwe nakuja alasiri na kuondoka usiku."

Alinitazama akidhani namtania. "Wewe? Wewe ndiye uliyenikalisha kitini ukanionyesha kwamba jioni hamna kitu."

"Hamna kitu kweli."

"Sasa?"

"Ndiyo maana nakupa wewe jioni," nikasema. "Asubuhi nataka kumpa baba yangu. Ananijua asubuhi tu. Ukikataa sitakulaumu, nitatafuta namna nyingine. Lakini sitakudanganya kwamba jioni zangu zitakufaa."

Akalitazama koti lake kwenye kiti. Nilijua anapiga hesabu, ni kazi yake. "Mama yangu," akasema mwishowe, akaacha hapo. Kisha akasema, "Uje jioni. Uandike unachoweza. Asubuhi Kobe atafumua."

"Atalalamika."

"Atalalamika polepole."

Kesho yake niliingia kwa kaka mapema, wifi bado anafagia. Baba alikuwa mezani kwake karibu na dirisha, amefungua saa, vijigurudumu vimepangwa juu ya kitambaa cheupe. Aliinua kichwa.

"Mama. Leo huendi kazini?"

"Nakwenda jioni, baba. Nimebadilisha zamu."

"Jioni?" Alikunja uso kama fundi aliyesikia jambo la kipuuzi. "Kazi ya kichwa, jioni? Utaharibu mali za watu."

"Najua, baba," nikasema, nikavuta kiti, nikamshikia kibano.